Pigo la Nne

Jumamosi, 7 Juni. Ntimaru

Wazee wa kanisa wamekuja kuniona baada ya mazoezi. Ibada ya kuwaombea waliofiwa mwaka huu itafanyika Jumapili ya tatu ya Agosti, nao wanataka wimbo wetu wenyewe, wa sauti nne, kwa Kikuria. Hawataki tafsiri. Mmoja wao amesema wazi: "Mwalimu, tumezika watu wengi kwa nyimbo za kuazima." Nimekubali papo hapo.

Naelewa anachokisema. Nyimbo nyingi tunazoimba kwa Kikuria zilikuja na tuni zake kutoka Ulaya na Marekani, maneno yakapachikwa baadaye. Kiswahili kinalistahimili jambo hilo. Mkazo wake unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti ikipanda au ikishuka neno linabaki lile lile. Kikuria ni lugha ya toni. Tuni ikipanda mahali ambapo ulimi unashuka, msikilizaji anabaki kuitafuta maana kitabuni, na bibi asiyejua kusoma anabaki na muziki tu. Katika ibada ya msiba huyo bibi ndiye hasa ninayetaka anisikie.

Neno la wimbo nimelipata usiku huu: hootoota. Ni kumtuliza mtu, kumpa moyo, kumwondolea hofu. Sitaki kuandika juu ya mbingu kabla ya kumfikia aliyekaa chini akilia.

Jumanne, 10 Juni

Stima imepotea tangu magharibi. Nimekaa na taa ya simu nikilisema shina la hootoota kwa sauti, nyakati zote, na kupiga meza kidole.

Wanaisimu waliochunguza vitenzi vya Kikuria wameeleza jambo ambalo sisi tunalifanya bila kulifikiria. Kila wakati wa kitenzi una mahali pake pa kupandisha sauti, na mahali hapo panahesabiwa kwa mapigo kutoka mwanzo wa shina. Irabu fupi ni pigo moja, irabu ndefu ni mawili. Sauti ikishapanda inabaki juu mpaka karibu na mwisho. Chukua hootootera, "kutuliza" ikiwa na mnyambuliko wake: ho-o-to-o-te-ra, mapigo sita. Tukisema tumekwisha kutuliza, sauti inapanda pigo la kwanza. Tukisema leo tumekuwa tukituliza, inapanda la pili. Tukisema tutatuliza, siku za mbele huko, inangoja la tatu. Na tukisema tunakaribia kutuliza, ndio tunaanza, torahootootera, inangoja mpaka pigo la nne.

Kwa hiyo mtunzi wa Kikuria hana uhuru wa kuchagua tuni kwanza. Lakini ana zawadi ambayo wenzake wengi hawana: ndani ya neno moja kuna ngazi nne, na kila ngazi ni wakati. Naona umbo la wimbo mzima. Sehemu nne, shina lile lile, sauti ikichelewa kupanda kidogo zaidi kila sehemu. Besi waanze na pigo la kwanza, tenori la pili, alto la tatu, soprano la nne. Wimbo wote utasafiri kutoka lililokwisha hadi linalokaribia.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetafuta wenzangu vitabuni, nijue waliotangulia walipita wapi.

Joseph Kyagambiddwa wa Uganda aliandika oratorio ya Mashahidi wa Uganda kwa Kiganda, lugha ya toni kama yetu, nayo ikaimbwa Roma mwaka 1964 mashahidi hao walipotangazwa watakatifu. Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alitoa mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Huko Ghana, Ephraim Amu alikuwa amekwisha kuzifanya tuni zake zifuate toni za Kitwi miaka ya 1930, na mwaka 1933 alipoteza kazi yake ya ualimu kwa sababu ya kuvaa nguo za Kiafrika na kuingiza muziki wa Kiafrika kanisani.

Wote walikutana na ukuta mmoja. Kitabu cha harmonia tulichosomea chuoni kinakataza sauti mbili kwenda pamoja kwa umbali wa tano, na kinasifu besi kushuka soprano inapopanda. Kwa lugha yetu sheria hiyo inamaanisha kwamba soprano atakuwa anasema neno na besi anasema lisiloeleweka, kwa wakati mmoja, midomo ikitamka herufi zile zile. Mwenye kuitii toni hana budi kuzipeleka sauti upande mmoja: zote zipande, zote zishuke. Nimeamua. Palipo na maneno, sauti zitatembea pamoja. Palipo na mvumo tu, bila neno, ndipo nitazitawanya.

Jumamosi, 14 Juni

Jaribio la kwanza. Watu wengi wametoka moja kwa moja kwenye tumbaku. Utomvu wa majani mabichi hauondoki kwa sabuni ya kawaida, na karatasi za nota zimerudi kwangu zikiwa na alama nyeusi za vidole pembeni. Nimezitazama alama hizo jioni hii na zimenisaidia: zimejaa zaidi pale ambapo watu walishika karatasi kwa nguvu, na ni pale pale nilipoandika vibaya kwa pumzi.

Tunasoma kwa solfa, kama kwaya nyingi za Kenya. Mfumo huo aliueneza John Curwen huko Uingereza karne ya 19, akiujenga juu ya kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ili watu wasio na ala wala pesa waweze kusoma muziki. Kwetu unafaa kuliko mistari mitano: fundi wa pikipiki anayeimba tenori anaishika d na s yake akiwa njiani kutoka Kegonga.

Sehemu ya kwanza imekaa upesi. Prefiksi chini kwenye d, kisha shina zima kwenye s, kisha kushuka mwishoni. Walipoimba mara ya pili, mama mmoja wa alto aliweka karatasi chini akasema, "Mwalimu, hii tunaongea tu." Alikuwa anafurahi. Sijapata sifa ninayoitaka zaidi.

Sehemu ya nne ndiyo kazi. Pigo la nne linaanguka katikati ya irabu: silabi "too" inaanza chini na kumalizikia juu. Silabi moja, noti mbili. Soprano hawakungoja. Kila mara walipanda mwanzoni mwa silabi, kwenye pigo la tatu. Nimewaambia waache nota, waseme neno hilo kama wanavyomwambia mtoto aliyeanguka. Wakalisema sawasawa wote. Nikawaambia waliimbe. Wakapanda kwenye la tatu tena. Masikio ya miaka mingi ya nyimbo za kitabuni yamezoea kwamba silabi inapoanza ndipo noti inapobadilika.

Jumatano, 18 Juni

Nimekwenda kwa mzee wa iritungu, zeze letu Wakuria. Anakaa karibu na mpaka wa Transmara, ambako siku za zamani vijana walikesha na ng'ombe. Zeze lake ni kubwa, nyuzi nane, sauti nzito inayovuma mpaka kwenye kiti unachokalia. Analirekebisha kwa kuvizungusha vitambaa vilivyofungiwa nyuzi kwenye mti wa juu, kidogo kidogo, huku amefumba macho.

Nimemwimbia sehemu ya nne. Hakusema neno. Akaipiga. Uzi wa chini ukasikika, kidole kikauacha ulie, kisha uzi wa juu ukaingia kabla wa chini haujanyamaza. Hapo nikasikia nilichokuwa nakosa. Mimi niliandika noti mbili zinazofuatana. Yeye alizifanya noti mbili zinazokutana.

"Mzee, unawezaje kungoja hivyo?"

"Singoji. Nausikiliza huu wa chini mpaka umalize ulichokuja kusema."

Besi sasa watashika ule mvumo wa uzi wa chini, bila neno, wakati soprano wakipanda. Mvumo hauna toni ya kukosea. Nimemwomba mzee aje apige nasi, akaniuliza kama kanisani wataruhusu. Nimemwambia wazee wa kanisa ndio walionituma, nami nitamfuata mwenyewe siku ya ibada.

Jumamosi, 28 Juni

Siku nzito.

Wimbo ulihitaji kipande cha kuunganisha sehemu ya pili na ya tatu, chenye mwendo wa miguu. Kijana mmoja wa tenori akaanzisha tuni ya maandamano ya esaro, sherehe za tohara, ile inayoimbwa wasichana wanaporudishwa nyumbani baada ya kukeketwa. Ni tuni nzuri mno. Inapanda na kushuka kwa Kikuria safi, mdundo wake unainua vumbi, na nilikuwa nimeifikiria mwenyewe tangu wiki iliyopita. Wanaume waliitika mara moja. Nikageuka kuwapa alto mkono, na alto walikuwa kimya.

Mmoja wao, mama wa makamo, alisema kwa utaratibu: "Mwalimu, huu wimbo ulikuwa unanifuata nyuma siku ile, na damu ilikuwa inanifuata vile vile. Ukiubadilisha maneno, miguu yangu haibadiliki." Mwingine akasema binti yake alikimbilia mbali Desemba moja kwa sababu ya nyimbo hizi, na kwamba akirudi kanisani akaisikia tuni hii atatoka nje kabla hajasikia tunasema nini.

Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ipo tangu 2011. Tuni haikupigwa marufuku na haiwezi kupigwa marufuku, na kuna wanawake wanaoipenda kama kumbukumbu ya marafiki zao wa rika. Lakini hawa wanaimba mbele yangu kila Jumamosi, na wimbo unaitwa wa kutuliza.

Nimeitoa. Nataka kuiandika sababu vizuri ili nisiisahau. Toni inaipa tuni maana moja, ile ya ulimi. Kumbukumbu inaipa maana ya pili, na hiyo pia haiombi ruhusa ya mtunzi. Mwaka 1963 kamati iliyotunga wimbo wa taifa letu, akina Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilichukua tuni ya bembelezi la Wapokomo. Walichagua tuni ambayo ilishakuwa imemlaza mtoto kabla haijainua bendera, na nadhani ndiyo maana umati uwanjani unaweza kuuimba bila kupiga kelele. Tuni huingia mahali ikiwa na historia yake. Kazi yangu ni kuijua kabla ya kuialika.

Kipande cha kuunganisha nitakiandika upya kwa mwendo wa kutwanga wimbi. Akina mama wenyewe wamekipendekeza, wakanionyesha kwa mikono mahali pigo linapoanguka.

Jumamosi, 12 Julai

Tumeimba sehemu zote nne kwa mara ya kwanza, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Besi walifungua kwa nguvu: tumekwisha kuwatuliza. Shina lote juu, kama tarumbeta.

Tulipomaliza, watu walipiga makofi. Mama wa alto aliyempoteza mumewe mwezi wa pili hakupiga. Alingoja kelele ziishe. Akaniuliza, bila hasira hata kidogo:

"Mwalimu, mmenituliza lini?"

Hakuna aliyejibu. Akaendelea: "Mlikuja, mlipika, mlichimba kaburi, mlikaa nami usiku. Nashukuru. Lakini sijatulia. Nikiwasikia mnaimba kwamba kazi imekwisha, naona kama mnaniambia nimalize kulia."

Nimetembea kutoka kanisani hadi nyumbani bila kupanda boda. Sehemu ya kwanza ni nzuri kimuziki, na ndiyo iliyowashika wanakwaya tangu siku ya kwanza. Haiwezi kubaki.

Jumatatu, 14 Julai

Mtu anayetunga kwa Kiswahili angebadilisha silabi moja: "tume" iwe "tuna", na tuni ingebaki. Mimi nikibadilisha wakati, nabadilisha mahali pa kupanda, na nikibadilisha mahali pa kupanda, tuni yote imekufa. Nimekaa mezani tangu saa kumi na moja alfajiri na sasa naona kwamba hilo ni jambo jema. Lugha imenikataza kusahihisha maneno peke yake. Imenilazimisha niutunge upya moyo wa wimbo ulingane na ukweli wa mama yule.

Nimeamua hivi. Sehemu ya kwanza inaondoka. Wimbo unafunguliwa na pigo la pili: leo tumekuwa tukituliza. Hilo ni kweli. Walipika, walikaa naye. Kisha la tatu: tutatuliza, siku zijazo. Hiyo ni ahadi ya kwaya, na wenye kuahidi wanajulikana nyumba kwa nyumba. Kisha mwanzishi anaingia peke yake na majina ya walioondoka, kila jina kwa toni zake, kwa hiyo kila jina kwa tuni yake. Nyimbo zetu za zamani zilikuwa na hekima hii: mwanzishi yuko huru kuyafuata maneno yanayobadilika, waitikiaji wanashika neno lisilobadilika. Halafu la nne, tunakaribia, na tunaishia hapo. Hatufiki "tumekwisha." Wimbo unamwacha msikilizaji kwenye mlango wa kutulizwa, na watu wakiwa bado wamesimama pamoja naye.

Noti ya mwisho nilikuwa nimeishusha kwenye d, kama kila wimbo wa kwaya. Sasa inaishia kwenye m, kwa sababu silabi ya mwisho inapotamkwa haishuki hadi chini kabisa ikiwa mtu bado ana la kusema.

Jumamosi, 2 Agosti

Mzee amekuja na iritungu. Amebebwa kwenye pikipiki, zeze mgongoni mwa dereva likiwa limefunikwa kwa gunia. Amekaa kando ya besi kwenye kiti cha chini, na besi wameinamisha vichwa bila kuambiwa, wapate mvumo.

Nimewaonyesha soprano njia ya mzee: usihesabu hadi nne, sikiliza uzi wa chini umalize. Msichana wa kidato cha tatu ndiye aliyeipata kwanza. "Too" yake ilianza chini pamoja na besi, ikakaa, kisha ikafunguka juu, na ilikuwa ni neno lile lile ambalo bibi yake angelisema uani. Nikamwambia arudie. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Wa mwisho kuipata alikuwa mwanakwaya wetu mwenye sauti kubwa kuliko wote, na alipoipata alisimama akacheka, kisha akatafuta leso.

Mama aliyeniuliza mmenituliza lini nimempa kuanzisha majina. Sauti yake haina mafunzo, ina mikwaruzo. Yeye ni mzaliwa wa Nyabasi aliyeolewa hapa Bwirege, na katika orodha yake kuna majina ya pande zote mbili, yakiwemo ya vijana waliokufa katika ugomvi wa koo ambao wengine wangependa usitajwe kanisani. Aliyaimba yote. Hakuna aliyemkatiza.

Jumapili, 17 Agosti

Tumeimba.

Kanisa lilijaa hadi madirishani. Mvua ilitishia asubuhi ikaenda zake upande wa Kehancha. Naandika mambo matatu tu nisije nikayapamba baadaye.

Kwanza, kwenye "tutatuliza" ya tatu, wazee wa mstari wa mbele walianza kuitikia. Hawakuwahi kuusikia wimbo huu. Waliuitikia kwa sababu walijua neno linakwenda wapi.

Pili, kwenye majina, watu walisimama kwa familia. Sikupanga hivyo. Jina likitajwa, nyumba yake inasimama, mpaka kanisa lote likawa limesimama.

Tatu, baada ya noti ya mwisho hakuna aliyepiga makofi. Bibi mmoja aliyekaa mlangoni, asiyejua kusoma na asiyekuwa na karatasi yoyote, alijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu salamu uani kwake: basi njooni. Wanakwaya wakashuka wakaenda kukaa na waliofiwa, na ibada ikaendelea kutoka hapo.

Jumatano, 20 Agosti

Mwalimu mwenzangu wa Tarime ameomba nakala. Lugha yetu ilikatwa na mpaka wa wakoloni, sehemu Kenya, sehemu Tanzania, na nyimbo zetu zinavuka mpaka wa Sirari kila siku kwenye simu za watu. Nimempelekea karatasi ya solfa pamoja na rekodi ya soprano, na barua fupi.

Nimemwandikia asiufundishe wimbo huu kwa karatasi kwanza. Awape wanakwaya wake neno, walitamke kwa lahaja yao, kisha asikilize linapanda wapi. Kama kwao linapanda penginepo, tuni yangu ipishe. Majina ayachukue ya marehemu wa huko. Na sehemu ya "tumekwisha", niliyoiondoa, asiirudishe mpaka mjane wa huko aiombe mwenyewe.

Wazee wa kanisa wametaka kuandika jina langu juu ya nota zitakazohifadhiwa. Nimewaomba waandike: "Wa kwaya ya Ntimaru", na chini yake majina ya wote walioubadilisha, kila mmoja na alichokibadilisha. Orodha hiyo nitaianza kesho kwa mzee wa iritungu, kisha mama wa alto, kisha msichana wa kidato cha tatu. Itamfaa mtunzi atakayekuja baada yetu kujua ni nani alisema nini, na wimbo ukasikia.